Mugariga: Kichaka Chenye Maua ya Kunukia na Mipaka ya Dawa Yake

(Haya ni maneno ya mratibu wa miradi wa dayosisi kwenye semina ya kamati za diakonia na maendeleo za sharika, iliyohudhuriwa pia na wageni kutoka sharika rafiki za ng'ambo. Yamefupishwa kidogo kwa ajili ya jarida.)



Tumeombwa tuzungumze juu ya mmea mmoja. Huenda wengine mnajiuliza kwa nini semina nzima ikae kusikiliza habari za kichaka wakati kuna visima na ada za yatima. Sababu ni hii: miongoni mwa maombi ya miradi yaliyotufikia ofisini, kadhaa yanahusu bustani za dawa za asili, na karibu yote yanautaja mmea huo huo. Baadhi yanaomba mbegu na nyaya za kitalu. Mengine yanaomba sufuria kubwa, chupa za plastiki na lebo. Na wafadhili wetu, walipoonyeshwa orodha, waliuliza kwa upole lakini bila kuzunguka: "Je, hii si ile dawa ya Loliondo?"

Ndiyo, ndiyo ile ile. Kwa hiyo ni haki yenu, ninyi mnaoomba na ninyi mnaotoa, kujua tunasimama wapi.

Tuanze na mmea wenyewe. Kitaalamu unaitwa Carissa spinarum, na katika vitabu vingi mtaukuta kwa jina la Carissa edulis. Wasonjo wa Loliondo huuita mugariga, na kwa kuwa redio na magazeti yalilisambaza jina hilo nchi nzima mwaka 2011, ndilo tutakalolitumia. Wamasai huuita olamuriaki. Kule Kenya, Wakikuyu na Wakamba husema mukawa, Wajaluo ochuoga. Waganda husema omuyonza, na Waamhara wa Ethiopia husema agam. Kamusi za Kiswahili nazo zinao, kwa jina la mtanda-mboo, na tunaona wazee wameshaanza kucheka, kwa hiyo tuendelee na mugariga.

Ni kichaka chenye miiba, kinachoweza kufika mita tano kikiachwa kikue, na mara nyingine hujiegemeza juu ya miti mingine na kupanda nayo. Miiba yake imenyooka na ni mikali. Kila aliyechunga mbuzi utotoni anaifahamu kwa nyayo zake. Ukivunja tawi hutoka utomvu mweupe kama maziwa. Maua ni meupe, kwa nje yana wekundu kidogo, yamekaa kwa vishada kwenye ncha za matawi, na harufu yake ni tamu, inakaribiana sana na ya asumini ya Pwani. Jioni baada ya mvua utaisikia harufu kabla hujakiona kichaka. Matunda ni madogo ya mviringo, huanza kijani, yakawa mekundu, kisha yakaiva na kuwa meusi ya zambarau. Watoto wa shule huyala njiani na kufika darasani na midomo iliyobadilika rangi, na mwalimu hahitaji kuuliza kwa nini wamechelewa.

Hatutaki mtu adhani mmea huu ni wa kwetu peke yetu. Unapatikana sehemu kubwa ya Afrika ya kitropiki, Uarabuni, India na kuendelea hadi Australia. Wageni wetu kutoka nchi za Kaskazini watafurahi kujua kwamba mtu wa kwanza kuuandika kwa jina la kitaalamu lenye neno edulis, yaani "unaolika", alikuwa Peter Forsskål, mzaliwa wa Helsinki, aliyesafiri katika msafara uliotumwa na mfalme wa Denmark. Aliuona Yemen. Alifia huko huko Yemen mwaka 1763, na maandishi yake yakachapishwa mwaka 1775, baada ya kifo chake. Angalieni kwamba yeye hakuuita "mti wa dawa". Aliuita mti unaolika. Tutalirudia jambo hilo tukifika kwenye miradi.

Sasa, matumizi ya asili. Hapa tuna mengi ya kusema, kwa sababu hatuyadharau. Kwa Wamasai, mizizi ya olamuriaki huchemshwa na supu ya nyama, hasa wanaume wanapokwenda porini kwenye orpul kula nyama na kujenga nguvu. Mahali pengine mizizi huchemshwa peke yake na maji yake hunywewa kwa maumivu ya kifua, homa na malaria, kuumwa kichwa, tumbo, maumivu ya viungo na magonjwa ya zinaa. Wengine hutafuna kipande cha mzizi kwa ajili ya jino. Mizizi ina harufu yake ya pekee, na ziko jamii ambazo huweka kipande ndani ya kibuyu ili maji yapate ladha nzuri. Ziko jamii nyingine zinazokichomeka kwenye paa la nyumba kufukuza nyoka. Nyoka wenyewe hawajaulizwa.

Mnaona orodha ni ndefu. Kwa maoni yetu, mmea unaotajwa kwa magonjwa mengi kiasi hiki unatuambia mambo mawili kwa pamoja. Kwanza, watu wameutumia muda mrefu, na watu hawaendelei vizazi na vizazi kutumia kitu kinachowaua. Pili, ulikuwa karibu na nyumba wakati zahanati ilikuwa mbali. Mama mwenye mtoto mwenye homa usiku wa manane, na zahanati iko mwendo wa saa tano, atachimba kilichopo. Hilo si jambo la ujinga. Ni jambo la umbali.

Nao wanasayansi hawakuupuuza. Mwaka 2004 watafiti wa Ethiopia walichapisha matokeo yanayoonyesha kwamba dondoo la mmea huu huongeza mkojo kwa panya wa maabara. Mwaka 2006 watafiti wa Nairobi, wakiwemo wa taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, KEMRI, walichapisha kazi iliyoonyesha kwamba dondoo lake lilizuia virusi vya herpes katika maabara na kupunguza makali ya ugonjwa huo kwa panya walioambukizwa. Hizi ni habari njema na tunazipokea. Lakini naomba kamati zizisome kama zilivyoandikwa. Virusi vya herpes si virusi vya UKIMWI. Panya si mtu. Na dondoo lililopimwa kwa mizani maabara si sawa na maji ya sufuria ambayo leo yamechemka nusu saa na kesho saa mbili.

Mara nyingi tukisema hivyo tunajibiwa: "Mbona dawa za hospitali nazo zinatoka kwenye miti?" Ni kweli kabisa. Kwinini ilitoka kwenye magome ya mti wa Amerika Kusini. Dawa mseto ya malaria tunayoitumia leo ina sehemu inayotokana na Artemisia annua, mmea wa Kichina, na mwanasayansi Tu Youyou alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kazi hiyo. Lakini safari kutoka kwenye jani hadi kwenye kidonge ndiyo iliyoleta uponyaji wa uhakika: kujua ni kitu gani ndani ya jani kinachofanya kazi, ni kiasi gani kinatosha na kiasi gani kinazidi. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani halipendekezi kunywa chai ya majani ya artemisia kutibu malaria, ingawa linapendekeza vidonge vilivyotokana na mmea huo huo. Kwa mugariga safari hiyo haijamalizika.

Basi tufike Loliondo, kwa sababu hatuwezi kupita pembeni.

Wengi mnakumbuka, lakini vijana waliokuja leo walikuwa watoto wadogo. Mchungaji mstaafu wa kanisa letu la KKKT, Ambilikile Mwasapila, aliyekuwa akiishi kijiji cha Samunge, alianza mwaka 2010 kuwapa watu kikombe cha maji ya mizizi ya mugariga. Alieleza kwamba alioteshwa na Mungu. Kila mtu alikunywa kikombe kimoja, kwa shilingi 500. Magonjwa yaliyotajwa yalikuwa UKIMWI, kisukari, saratani, pumu, shinikizo la damu. Kufikia Machi 2011 habari zilikuwa zimevuka mipaka. Watu walitoka mikoa yote, walitoka Kenya na Uganda, wengine kwa magari ya kukodi, wengine kwa helikopta, wakubwa na wadogo katika foleni moja ya magari iliyofika kilometa nyingi katika barabara isiyo na maji wala choo. Vyombo vya habari viliripoti kwamba makumi ya watu walifariki wakisubiri. Mwishoni mwa mwezi huo mchungaji mwenyewe aliomba watu wapya wasije kwanza hadi foleni ipungue. Alifariki mwezi Julai 2021.

Tunamtaja kwa heshima. Aliutoza mkusanyiko ule shilingi 500 wakati wenye magari walitoza nauli ambayo familia ziliuza ng'ombe kuilipa. Na hakuwahi kudai kwamba ni mzizi wenyewe unaoponya. Alisema nguvu iko katika neno na katika mkono uliotumwa kuitoa. Ndiyo maana tunashangaa kidogo tukiona leo mtu anauza mzizi ule ule sokoni kwa jina la Loliondo. Hata kwa maneno ya Babu mwenyewe, biashara hiyo haina msingi.

Wataalamu wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu na wenzao wa Muhimbili walikwenda Samunge mwaka huo huo, wakautambua mmea, wakachukua sampuli, wakatoa taarifa kwamba kinywaji kile kwa kiasi kilichotolewa si sumu. Hapa ndipo neno moja lilipoleta matatizo makubwa. Wataalamu walisema "salama". Watu wakasikia "inaponya". Maji ya kisima yaliyochemshwa ni salama, wala hakuna anayeyanywa akaacha vidonge vyake vya kisukari.

Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti kuhusu watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI hapa Tanzania waliokwenda kutafuta uponyaji Loliondo. Ulionyesha kwamba ufuasi wao wa dawa za kufubaza virusi ulipungua. Katika lugha ya nyumbani: wengine waliacha dawa. Dawa hizo zimekuwa zikitolewa bure katika mpango wa taifa tangu mwaka 2004, na kazi yake inategemea kumezwa kila siku. Ukiziacha, virusi vinarudi kuzaliana, na vikizaliana mbele ya dawa zinazomezwa leo na kuachwa kesho, vinajifunza kuzishinda. Mgonjwa huyo atakaporudi kliniki, kidonge cha kwanza huenda hakimfai tena.

Mtasema hayo ni ya 2011. Ndugu zetu, hayajaisha. Katika ziara zetu za majumbani tulimkuta baba mmoja aliyekuwa ameanza dozi ya kifua kikuu. Dozi hiyo ni ya miezi sita. Mwezi wa pili homa ilikata, jasho la usiku likaisha, akaanza kula vizuri, na jirani akamletea chupa ya mugariga akimwambia hiyo ndiyo iliyomponya. Akaacha vidonge. Miezi michache baadaye kikohozi kilirudi, na safari hii mke wake na mtoto wa miaka minne nao wakalazimika kupimwa. Yeye yuko kwenye matibabu tena, ya muda mrefu zaidi kuliko yale ya kwanza, na tunamshukuru Mungu yuko hai. Lakini chupa ile ilikuwa na karatasi iliyobandikwa, na kwenye karatasi kulikuwa na jina la kikundi cha ndani ya kanisa. Kikundi hicho ni miongoni mwa walioandika ombi la sufuria.

Hatusemi hili kumwaibisha mtu. Akina mama wale waliuza kwa imani safi, na fedha waliyopata ilinunua sare za watoto. Ni watu wa kazi. Lakini chupa haisemi "endelea na vidonge vyako". Chupa inasema tu kilichoandikwa juu yake, na juu yake kulikuwa kumeandikwa magonjwa kumi na moja.

Kuna hatari nyingine ambayo watu wa mjini hawaijui, na hata vijijini inasahaulika. Mugariga ana ndugu. Uko mti unaoitwa kwa Kiswahili msunguti, na Wamasai huuita olmorijoi. Kitaalamu ni Acokanthera. Ni wa ukoo mmoja na mugariga. Nao una maua meupe yenye kunukia, nao una utomvu mweupe, nao una matunda yanayoiva kuwa meusi ya zambarau. Ndio mti ambao wawindaji wa Kikamba na wengine walichemsha mbao na mizizi yake kupata sumu ya mishale. Sumu hiyo, inayoitwa ouabain, hushambulia moyo. Kiasi kinachoingia kwa ncha ya mshale humwangusha mnyama mkubwa. Iko aina ya panya mwenye manyoya marefu katika Afrika ya Mashariki ambaye hutafuna gome la msunguti na kujipaka mate yake kwenye manyoya ya ubavuni, na mbwa anayemng'ata huugua au kufa. Watafiti walilieleza jambo hilo mwaka 2011, mwaka ule ule wa kikombe. Panya huyo anajua kuutofautisha mti. Je, kijana anayelipwa kwa gunia?

Mtaalamu wa kijiji huvitofautisha vichaka hivi akiwa amefumba jicho moja: mugariga una miiba, msunguti hauna. Ni alama rahisi mradi kichaka kiko mbele yako kikiwa na matawi. Lakini gunia la mizizi iliyokatwakatwa na kukaushwa halina miiba wala majani. Anayechemsha kwenye sufuria kubwa hajui kilichochimbwa, na anayekunywa hajui kabisa. Zamani bibi alichimba mwenyewe, kichaka kile kile nyuma ya nyumba, akampa mjukuu wake mwenyewe. Usalama wa dawa ya asili ulikuwa ndani ya ujuzi wa yule mchimbaji. Tukiiondoa dawa mikononi mwake na kuiweka kwenye chupa ya sokoni, tumechukua mzizi na kuacha ujuzi.

Halafu kuna mzizi wenyewe. Ukichuma jani, mti unabaki. Ukichimba mzizi, kwa kawaida umeua kichaka. Katika baadhi ya sharika zetu za tambarare, wazee wanatuonyesha vilima ambavyo zamani vilinukia wakati wa maua na sasa vina mashimo. Mvua ikija, mashimo hayo yanakuwa makorongo. Ofisi ya miradi haiwezi mwezi mmoja kulipia matuta ya kuzuia mmomonyoko na mwezi unaofuata kulipia majembe ya kuchimba mizizi katika kilima kile kile.

Kwa hiyo, baada ya kuzungumza na waganga wa zahanati zetu na kamati ya miradi, msimamo wetu ni kama ifuatavyo, na tunausema mbele ya wanaoomba na wanaotoa ili pasiwe na maneno mawili.

Hatutapeleka kwa wafadhili ombi lolote la kuchemsha, kufungasha au kuuza mizizi ya mugariga, wala la mmea mwingine wowote unaotangazwa kuponya magonjwa. Anayetaka kuifanya kazi hiyo kwa halali, njia ipo: Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliunda Baraza, na waganga pamoja na dawa zao husajiliwa huko. Tutamwonyesha mlango wa ofisi ya mratibu wa tiba asili wa wilaya, lakini hatutamlipia sufuria.

Kwa upande mwingine tutaomba fedha, na kwa nguvu zote, kwa ajili ya mugariga kama uzio na kama tunda. Hapa ndipo tunapomkumbuka Forsskål. Kichaka hiki kikipandwa kwa mstari na kupunguzwa matawi, kinakuwa ua hai ambao ng'ombe hapiti na mbuzi hujutia kujaribu. Familia inayojenga boma kwa matawi ya migunga hukata miti kila baada ya muda mfupi. Ua wa mugariga hauhitaji kukatiwa mti mwingine. Majani yake mbuzi hula pale wanapoyafikia. Matunda yaliyoiva yanatengenezwa jamu nzuri sana, na kikundi cha akina mama kilichojifunza kutengeneza jamu ya maembe hakihitaji semina mpya kujifunza hii. Sufuria ni ile ile waliyoiomba, ila lebo ndiyo itakayobadilika. Hatuahidi utajiri. Soko la jamu ni dogo na watalii wa Arusha hawanunui kila kitu. Lakini mtu akila jamu hataacha vidonge vyake kwa sababu hiyo.

Na maua? Kuna mjumbe alituuliza kama harufu ile inaweza kuuzwa. Kwa sasa tunadhani inatosha kuwa harufu ya kanisani siku ya Jumapili, na hakuna mfadhili anayehitaji kutoa ripoti juu yake.

Sehemu ya tatu ya kazi ndiyo ngumu zaidi, na haihitaji fedha nyingi. Tunaomba kila kamati ya diakonia imteue mtu mmoja mwenye mdomo mzuri na masikio mazuri zaidi, ambaye atatembelea wagonjwa wa muda mrefu katika mtaa wake. Asiende kukataza. Tukikataza, watu wataendelea kunywa na kuacha kutuambia, na muuguzi hatajua. Aulize tu: mnatumia nini nyumbani? Mnakunywa mara ngapi? Vidonge bado vipo? Mgonjwa wa shinikizo la damu anayemeza dawa ya kuongeza mkojo, akinywa pia mzizi unaoongeza mkojo, muuguzi anahitaji kujua. Mama mjamzito vilevile. Tunaomba pia waganga wa zahanati waliopo hapa wasiwakaripie wanaosema ukweli. Mgonjwa aliyekaripiwa mara moja hatasema mara ya pili.

Kulikuwa na bibi mmoja katika usharika wa milimani ambaye alitusimamisha baada ya ibada. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, na papo hapo akatuuliza: "Mwanangu, mimi supu ya mzizi huu nimeinywa tangu nikiwa msichana. Leo umetoka mjini na gari la dayosisi kuniambia ni sumu?" Tulimjibu: "Hapana, bibi. Hakuna anayesema ni sumu. Supu yako endelea nayo. Vidonge vyako vya presha umevimeza leo?" Akanyamaza kidogo, akacheka, akasema vimebaki nyumbani ndani ya kibweta. Tukamsindikiza hadi nyumbani. Na akatuonyesha kichaka chake, kilikuwa na maua, na akatueleza kwa nusu saa namna ya kukitofautisha na msunguti, vizuri kuliko mtaalamu yeyote tuliyewahi kumlipa posho. Bibi huyo tumemwomba awafundishe vijana wa kipaimara wa usharika wake. Amekubali, kwa sharti kwamba asipewe daftari la mahudhurio.

Kuhusu miche. Mbegu zichukuliwe kwenye matunda yaliyoiva kabisa, zioshwe nyama yake, na zipandwe zikiwa bado mpya, kwani zikikaa muda mrefu nguvu yake hupungua. Vitalu viwe chini ya kivuli chepesi. Kila usharika utakaoleta mbegu uje pia na tawi lenye miiba kutoka kwenye kichaka kile kile kilichotoa matunda, ili mtu wetu wa misitu alithibitishe kabla mbegu haijaingia kitaluni. Mbegu zitakazokuja bila tawi zitarudishwa, hata zikiletwa na mchungaji. Majina ya sharika zinazohitaji miche yapitie ofisi ya jimbo, yakiwa na urefu wa uzio kwa hatua, na yatufikie kabla ya mvua za vuli ili miche iwe tayari kwa masika.